Mtumbwi wa Miguu

Mume wangu alikuwa mkali. Niseme mapema, maana mtu akishaugua watu humpamba hata mke mwenyewe asimtambue. Alikuwa fundi seremala hapa Chanji, mjini Sumbawanga, na mteja aliyekuja kuulizia kitanda chake kabla ya siku waliyopatana alirudi kwake ameshiba maneno. Mimi na yeye tuligombana kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya redio, kwa ajili ya nani kaacha geti wazi. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kushoto, na ukali wote ukaondoka nao. Mguu ulirudi polepole kwa mazoezi. Ulimi nao ulirudi. Mkono ulibaki unaning'inia, na mwenyewe akabaki na neno moja tu: sawa.

Utakula wali au ugali? Sawa. Tukusogeze juani? Sawa. Nikauze mbao zako? Sawa. Mungu anisamehe, lile la mbao nilimuuliza makusudi, nikitegemea angalau anitukane. Alisema sawa, akageukia ukutani. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya choo. Ule mkono nilishauzoea. Kilichokuwa kinaniogopesha ni kwamba mtu mwenyewe anaondoka kidogo kidogo na kutuachia mwili wa kuogesha, na watoto wakirudi likizo kutoka bweni watamkuta baba yao hayupo ingawa amekaa kitini.

Mahali pekee alipoonyesha kutaka kitu ni hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi, penye baiskeli isiyokwenda popote. Akishapandishwa pale anakanyaga mpaka mtaalamu amwombe ashuke. Nilikuwa nakaa kwenye benchi namtazama. Huyu mtu amezaliwa huku juu, upande wa Matai, lakini amelelewa na mjomba wake kule Kasanga, ziwani. Kabla hajashika randa alishika kafi, na hadi anaugua, akipata nafasi tu, anateremka na mshipi wake kuvua. Sasa kafi linataka mikono miwili, hilo halina mjadala. Basi siku moja pale kwenye benchi, naperuzi simu kupoteza muda, nikaona mtu kakaa kwenye mtumbwi wa plastiki, mikono kaikunja kifuani, anakanyaga pedeli, na mtumbwi unakwenda! Nilisimama. Nikakaa. Nikaitazama ile video mara nne mpaka bando likaisha.

Wanaita kayaki. Mama mkwe wangu akaita mtumbwi wa miguu, na jina hilo ndilo lililobaki nyumbani kwetu. Yeye alikuja kutoka shambani kwake na gunia la ulezi na rozari, akisema atakaa wiki mbili kumuuguza mwanawe. Ilikuwa imeshapita miezi tisa. Tukawa kamati ya watu wawili. Jioni, nikitoka kazini, tunakaa jikoni karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina utani, tunafungua simu tunachagua.

Kuna ya aina mbili, tukajifunza. Moja ina mapezi chini, ukikanyaga yanapiga maji huku na huku kama miguu ya bata. Nyingine ina pangaboi linalozunguka, ukikanyaga kwenda mbele unakwenda mbele, ukikanyaga kinyume unarudi nyuma. Muuzaji wa Dar es Salaam alitueleza kwa simu kwamba ya mapezi ni nzuri kwenye maji machache, lakini kurudi nyuma ina usumbufu kidogo. Mama mkwe akanisogelea sikioni. "Kitu kisichojua kurudi nyuma, nyumbani kitarudije?" Hapo kikao kikafungwa: pangaboi.

Mpya hatukuiweza, tukachagua iliyotumika. Tukataka iliyo pana, maana ile nyembamba muuzaji alisema ina mbio lakini inayumba, na mbio za nini? Mimi nikashikilia rangi ya njano. Nilitaka nikisimama ufukweni nimwone hata akifika mbali. Maswali tuliuliza mengi, sitanii. Mnyororo unakatika? Spea zinapatikana? Kiti kinasogea mbele? Inabeba uzito gani? Muuzaji alikuwa mvumilivu, akajibu yote. Ungetusikia ungedhani tunanunua baiskeli, na kweli ndivyo tulivyokuwa tunafikiri. Mama mkwe amezunguka Ufipa nzima kwa baiskeli na mahindi nyuma, mimi kwetu Mbeya vilevile. Baiskeli tunaijua, maji hatuyajui.

Na mwenyewe yupo pale pale, amekaa upande wa pili wa jiko na sweta lake. Nilimwonyesha picha mara moja. "Baba watoto, unaionaje?"

"Sawa."

Sikumuuliza tena.

Mzigo ulifika kwa lori asubuhi ya Jumamosi, umeviringishwa kwenye viroba na kamba, mrefu, umechongoka kidogo mbele. Wanaume wanne waliushusha taratibu wakauingiza ndani ya geti. Kufumba na kufumbua, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara akawa amefika, kitenge kiunoni, khanga kichwani, uso umeshaingia msibani. Nyuma yake wawili wengine. Alinikumbatia hata kabla hajanisalimia. "Pole, dada. Mbona hukutuita usiku?" Sikuelewa, mpaka mume wangu alipotoka mlangoni na fimbo yake kuangalia nini kinapigiwa kelele. Yule mama alipiga yowe! Walidhani nimeletewa jeneza. Tulicheka mpaka mama mkwe akakaa chini, na wale majirani, kwa aibu, ndio wakatusaidia kufungua viroba.

Ilikuwa njano kweli, na mikwaruzo michache tumboni. Kiti kizuri. Pedeli zikizungushwa, pangaboi linazunguka chini bila kelele. Nilikuwa namtazama yeye tu. Aliizunguka mara moja. Akainama, akagusa hapa, akagusa pale. Akaweka fimbo chini, akakaa kwenye kile kiti pale pale uani, miguu kwenye pedeli. Kisha akatazama chini kushoto kwake, kwenye kirungu kidogo cha plastiki, na akatazama mkono wake uliolala pajani.

"Usukani uko kushoto," alisema.

Jamani. Kirungu kile ndicho kinachovuta kamba mbili nyembamba mpaka kwenye usukani nyuma, ndicho kinachogeuza mtumbwi. Kipo kushoto. Tumeuliza mnyororo, tumeuliza spea, hatukuuliza mtumbwi wa miguu unaongozwa kwa mkono gani. Mimi ninayekaa masjala, ninayewarudisha watu mpaka Kaoze, mbali kule bondeni, na fomu zao kwa kukosa saini moja! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mngeniuliza," akasema.

Hapo nikapasuka mimi. "Nikuulize nini? Nikuulize nini wewe, unayejibu sawa kama kasuku? Nimekuuliza chakula, sawa! Nimekuuliza mbao, sawa! Ningekuuliza nikuzike leo au kesho ungesema sawa!" Majirani walikuwa bado wapo. Wakaanza kuaga mmoja mmoja. Mama mkwe akaingia ndani na rozari yake.

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ila hayakuwa ya kuomba huruma. "Nimevua tangu sijaota meno ya ukubwani," alisema, neno kwa neno, kwa ulimi ule uliokuwa bado mzito. "Hakuna mtu katika nyumba hii anayejua mtumbwi ila mimi. Mmenichagulia kama mnachagulia mtoto sare ya shule. Mngeniuliza kwa kweli, mkangoja nijibu."

Alikuwa na haki. Ningependa kusema nilimwomba msamaha palepale, lakini nilikwenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Jumapili nilirudi kanisani nikamkuta uani, amekaa chini, miguu ameinyoosha, kile kirungu amekifungua na bisibisi, ncha ya kamba ameing'ata kwa meno. Kando yake kulikuwa na kipande cha mninga kutoka kwenye zile mbao ambazo, ashukuriwe Mungu, sikuziuza. Nilisimama na mkoba wangu wa kanisani. Alitema kamba.

"Unaangalia nini? Njoo unishikie."

Nikakaa chini na gauni langu la Jumapili. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa mkono wa kushoto. Shika hapa. Usibane sana. Nimesema usibane! Sogeza. Alichonga kile kipande, mimi nashikilia. Alitoboa kwa keekee, amelilalia kwa kifua, mimi nashikilia. Tukahamisha kirungu upande wa kulia na kamba tukazipitisha upya. Mara ya kwanza tulizifunga kinyume, kirungu kikisukumwa kulia usukani unakwenda kushoto, akanilaumu mimi, na mimi nikamlaumu yeye, na mama mkwe dirishani akasema wapishi wawili mchuzi unaharibika. Tulifungua tukaanza upya. Gauni liliharibika kwa vumbi la mbao, mpaka leo nalivalia jikoni.

Wiki mbili baadaye tulikodi kirikuu, tukaulaza mtumbwi nyuma, ncha yake ikiwa imetokeza na kitambaa chekundu kimefungwa, tukapita Matai na kuteremka Kasanga. Masweta tuliyavua moja moja kadiri tulivyoshuka. Ufukweni wavuvi wawili waliomfahamu walimsaidia kuingia, wakamfunga jaketi la kuelea, wakamwambia ziwa la asubuhi hii limelala, avue kwa raha karibu na mawe. Hawakumpa pole hata mara moja. Waliulizana habari za pangaboi.

Mama mkwe alikuwa amebeba kamba ya ng'ombe. Huku kwetu kinachoweza kuondoka hufungwa. Ndama, mbuzi, mzigo, na siku ile tuliona hata mgonjwa. Akaifunga nyuma ya mtumbwi, mwisho mwingine nikauzungusha kiganjani mara tatu. Mume wangu akakanyaga. Nawaambia, ule mtumbwi ulikwenda! Ulikwenda umenyooka, kisha akasogeza kirungu kwa mkono wa kulia na ukageuka kwa utii. Kamba ikaisha. Ikakaza, mtumbwi ukashtuka, ukainama ubavu. Nilipiga kelele mpaka wavuvi wakasimama. Akakanyaga kinyume, akarudi nyuma taratibu mpaka hatua chache kutoka nilipo, maji yananifika magotini.

"Fungua," alisema.

"Sifungui."

"Mama watoto, kamba hii ndiyo itakayonipindua. Fungua."

"Na ukipata shida kule? Na mkono ukikuangusha? Nani atakuvuta?"

"Kwani mimi ndama?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja jibu, kwa kweli anangoja.

Nilimtazama mama mkwe ili anisaidie kukataa. Yeye alikuwa ameshavua viatu, amesimama majini na kitenge chake kimelowa. Alimwambia mwanawe maneno kwa Kifipa, mimi nikaambulia nusu, kitu kuhusu mjomba na mawe. Kisha akanigeukia. "Mfungulie, mwanangu. Mimi niliwahi kumfungulia alipokuwa na miaka saba, nikampeleka huku kwa mjomba wake. Inauma, lakini hufi."

Fundo la ng'ombe si mchezo. Nilifungua. Hakusema asante, na sikuitaka. Alikanyaga akaondoka, mgongo wake umenyooka kwenye kile kiti, mshipi umelala mapajani, njano ile ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, lakini inaonekana.

Nilikaa mchangani. Nikataka kuendelea kumwangalia, na nilishindwa, kichwa kilikuwa kizito ajabu. Ndipo nikajua kwamba tangu siku aliyoanguka sijalala usingizi wa kweli hata mara moja. Nililala na sikio moja wazi, nikisubiri kuitwa, nikisubiri aanguke, nikisubiri pumzi yake ibadilike. Sasa alikuwa mbali kiasi kwamba hata angeniita nisingesikia, na hapakuwa na kitu chochote duniani cha mimi kufanya. Nililia kidogo. Mama mkwe akatandika kitenge kingine mchangani, akapiga piga mahali pa kuweka kichwa.

"Lala," alisema. "Nipo."

Nikalala pale pale, mchana kweupe, mdomo wazi, mbele ya wavuvi wa watu. Nilipoamka jua lilikuwa limeshahama, mtumbwi umevutwa juu ya mchanga, samaki mkubwa, kuhe, amegeuzwa motoni mpaka ngozi imeanza kupasuka, na mama na mwanawe walikuwa wameshaanza kula bila mimi.