Mpira Uliokuwa Mkavu

Nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa unajiandaa kwenda kutafuta kibali cha kucheza gofu kwa kulipwa, nataka uisikie kwangu mimi mama yako kabla hujaisikia kwa watu wa soko la Bwera. Wao huitia chumvi.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa bashasha iliyozidi, mkono wangu unaenda wenyewe kwenye pochi. Babu yako alikuwa akinicheka kwa tabia hiyo. Yeye Hajji mwenye lori, aliyepakia kahawa na nyanya Bwera na kushusha Kasese, alimwamini kila mtu, hata askari wa barabarani.

Mwaka huo, katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, wewe ungali mtoto mdogo, majaribio ya kibali hicho yaliletwa kwetu, kwenye uwanja wa mlimani uliobaki tangu enzi za migodi. Ukifaulu, unakuwa mchezaji wa kulipwa. Usipofaulu, unarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Baba alikuwa ameshatangazia soko zima kwamba binti yake anafaulu. Akaja na lori limejaa watu, mwenyewe kavaa kanzu nyeupe utadhani anakwenda kuozesha binti.

Begi langu la fimbo alilibeba Kambere, kijana Mkongo aliyekimbia vita upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Katika kazi yetu, anayekubebea fimbo, yaani kedi, ndiye macho yako. Tulielewana kwamba nikifaulu tutasafiri pamoja popote nitakapocheza, naye apate riziki yake.

Nilicheza vizuri mpaka karibu na mwisho. Hapo nikapiga mpira ukapinda kulia kuelekea ua wa seng'enge. Ua huo ndio mpaka wa uwanja: mpira ukivuka, unaongezewa pigo la adhabu na kurudi kupiga tena pale pale ulipopigia mwanzo. Moyoni nilijua umevuka. Lakini Kambere akapaza sauti kutoka majanini, akiniita dada kwa Kiswahili cha kwao, "Yaya Zaituni, mupira iko huku! Iko muzuri kabisa!"

Kweli ulikuwa ndani ya mpaka, umekaa juu ya majani kama yai kwenye kiota, na alama yangu ya kalamu nyekundu ilikuwepo. Watu wa lori wakapiga makofi. Mimi nikaomba ruhusa ya msimamizi, nikauokota. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, majani yamelowa, viatu vyangu vinateleza. Mpira ule ulikuwa mkavu.

"Huu sio nilioupiga," nikamwambia msimamizi.

Mchezaji mwenzangu, mtu mzima, akacheka kwa dharau. "Muulize huyo Mkongo wako. Hao ndiyo kazi yao." Msimamizi akamwamuru Kambere aweke begi chini, asikanyage tena uwanja ule.

"Miye niliiona tu, Yaya," Kambere akasema. "Sikuiweka. Bikira Maria iko shahidi."

Shaka yangu ikakataa kutulia kwake. Mipira yangu ya akiba, yenye alama ile ile, ilikuwa ndani ya lori, na Kambere hakuwa na ufunguo. Nikawatazama watu waliosimama pembeni. Wote walikuwa wananitazama mimi, isipokuwa baba, aliyekuwa anatazama milima. Pindo la kanzu yake lilikuwa limelowa na limejaa mbegu za nyasi.

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikinyamaza, Kambere amekwisha. Nikisema, nimemwaibisha baba yangu mbele ya Bwera nzima. Nikamwendea, nikanyoosha mkono.

"Baba, nipe mpira wangu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akautoa, una tope. "Nilikuta iko ng'ambo ya waya," akasema kwa sauti ndogo. "Mutoto yangu, nilitaka tu upite."

Msimamizi akamruhusu Kambere kurudi, naye akalibeba begi. Nikarudi nyuma nikapiga tena, na kibali nikakikosa. Baba hakunisemesha njia nzima mpaka Bwera, nami nililia mpaka macho yakavimba. Mwaka uliofuata alikuja tena, akasimama peke yake mahali pa wazi, mikono nje ya mifuko, kila mtu amwone. Siku hiyo nilifaulu.

Sasa nisikilize. Watu watakufundisha kushuku upepo, mvua na mpinzani, na ukikosa wa kumshuku watakuonyesha mgeni. Wewe anza kwa kushuku kile kinachokufaa. Mpira ukikaa vizuri kuliko ulivyoupiga, inama uuguse. Na mkosaji akitajwa upesi, hasa asiye na kwao, geuka uwatazame unaowapenda. Ukimkuta mkosaji huko, usimtukane, lakini usimfiche.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mpira ulioupiga mwenyewe, hata ukilala vibaya, akupe na nguvu za kuupiga kutoka hapo. Na siku nitakapokuja kukutazama, ukiona pindo la gauni langu limelowa, niulize na mimi. Amina.