Karani Anayeng'ata Punje

Karani wa ghala la mahindi pale Laela haamini gunia mpaka ang'ate punje yake. Hata mbele ya kompyuta anatafuna, macho yakihama kutoka programu ya zamani, iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL kabla sijazaliwa, hadi hii yangu mpya ya Python. Wiki nzima kila mzigo anauingiza katika zote mbili, kwa kidole kimoja, huku akinikagua kama nimekuja kuiba. Leo zimelingana: magunia sitini na moja.

"Mzee, sasa tuizime ya zamani?"

Akatema punje kiganjani. "Kwanza nenda ghalani kahesabu."

Nikahesabu mara mbili. Yalikuwa sitini.

"Hilo moja nimelitunga," akasema. "Ya zamani imekubali, na yako imekubali. Hakuna iliyoniuliza."