Kichwa Hakidanganyi

Mke wa kaka yangu ni msusi, na mimi ndiye mteja wake wa bure. Kila mwisho wa mwezi nakaa kwenye kiti cha plastiki, kwenye sebule aliyoigeuza saluni, mbele ya kioo chenye ufa unaonigawa pua, naye ananisuka huku ananisema. Wifi na wifi, nani amwonee haya mwenzake?

Siri yake ni kwamba anaandika hadithi. Nasema siri, ingawa mtaa mzima unaijua, maana aliwahi kumsukia mteja mstari ukaishia kwenye nyusi kwa kuwawaza watu wasiokuwepo.

Hadithi yake ya viatu aliituma kwa mhariri mmoja anayekusanya kazi za waandishi wapya. Mhariri akamrudishia na maneno machache: mwanzo una uhai, mwisho umekufa, nitumie mwisho mwingine kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, la sivyo kitabu kinakwenda mtamboni bila wewe. Ilikuwa mara ya nne kurudishiwa kazi. Akamwambia kaka kwamba hii ikikataliwa nayo, madaftari yote atawashia jiko na hataandika tena. Alisema huku anacheka, lakini kaka alinipigia simu kunieleza, na kaka yangu si mtu wa kupiga simu ovyo.

Mimi lawama nampa yule mwalimu wa semina. Wifi alikuwa amefika katikati ya hadithi alipokwenda kwenye semina ya waandishi ya siku tatu, akarudi na sheria kuzidi za barabarani. Mwandishi awe na meza yake. Aamke alfajiri. Akae peke yake, kimya, asiseme hadithi yake kwa mtu mpaka iishe. Kaka akampigilia meza, na mwisho ule uliokufa ndipo ulipozaliwa. Tangu mhariri ajibu, alikuwa ameikalia meza hiyo siku kumi mfululizo. Nilipoomba kuona mavuno, akanionyesha sentensi moja: "Asubuhi ilikuwa na ukungu."

"Hata hii hujaitunga," nikamwambia. "Umechungulia dirishani."

Hayo yalikuwa Jumatano, nilipokwenda kusukwa. Nikamwambia anisomee basi hiyo hadithi yenyewe nijue tunamlilia nani.

"Nisome na mikono gani? Tulia nikusimulie."

Kuna mwanamke, akasema, mumewe kaondoka bila kuaga, ila kaacha viatu kwa fundi. Kila akipita, fundi anamwita: "Mama, viatu vya mzee viko tayari, anavifuata lini?" Naye hujibu: "Katoka kidogo."

Mikono ya wifi ikasimama. "Mbona umeganda?"

"Sijaganda."

Niliganda. Mume wangu aliondoka miaka mitatu iliyopita, na kila anayebisha hodi kumuulizia bado namjibu vivyo hivyo, katoka kidogo. Huyu mwizi alinisikia siku alipokuwa jikoni kwangu! Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nyweleni. Nilitaka kuinuka niondoke, lakini nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio, na mtu hasusi akiwa katika hali hiyo.

"Endelea," nikasema.

Akaendelea mpaka mwisho. Mume anarudi na gari jeusi, anapiga magoti, anaomba radhi, anavaa viatu vyake. Nikanyoosha mkono kuchukua simu.

"Umeona?" akasema wifi.

"Nimeona nini? Hadithi nzuri sana."

"Mdomo unasema nzuri, kichwa kimeshakwenda kutafuta simu." Akaweka chanuo chini. "Wifi, ule mwanzo niliwasimulia wateja, kila aliyekaa hapo. Kichwa kikianza kuhangaika, nakata. Kikitulia, naongeza. Sikujua hata kama nafanya hivyo! Mwisho niliuandika pale mezani, sikumsimulia mtu. Mezani hakuna kichwa!"

Basi akaanza kunijaribia miisho. Mume amefia safarini: nikajikuna. Mwanamke anaolewa na tajiri: nikapiga miayo. Fundi mwenyewe anamposa: nikacheka mpaka mstari ukapinda, lakini tulijua sote kwamba si wenyewe. Akafika mstari wa mwisho, nyuma ya sikio, hana kitu. Akausuka. Akaufumua. Akausuka tena, akaufumua tena. Mara ya tatu nilihisi wazi kwamba ananichelewesha, na mimi ninayewaka nikicheleweshwa dakika tano nikamwachia kichwa. Nilijua akiufunga ule mstari nitaondoka, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Anafanya nini huyu mwanamke?" akaniuliza, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Wallahi mimi sijui."

Nilijitazama kwenye kioo, upande huu na huu wa ufa.

"Anamwambia fundi aviuze," nikasema. "Anamwambia, mwenyewe hakai kwangu tena."

Kisha nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, na shuka la saluni shingoni. Wifi ananiambia kichwa hakikutikisika hata kidogo.

Hakukimbilia kalamu. Alinimalizia mstari wangu taratibu, akaufunga, akanifuta uso kwa taulo la wateja linalonuka mafuta ya nywele. Hapo ndipo alipochana boksi la rasta za kusukia na kuandika nyuma yake, wima, bila kuigusa meza.

Kitabu kimetoka, na hadithi yake ni ya sita. Meza ya kaka sasa inakaa shampuu, na madaftari yamo kwenye droo chini ya kioo. Mimi namwita mwizi mpaka leo, naye ananiita mhariri.

Jumamosi iliyopita kuna mtu alibisha hodi akimuulizia mume wangu. Mdomo ukaanza wenyewe, "Katoka...", nikauwahi.

"Hakai hapa tena," nikamwambia. "Na kama una ujumbe wake, mimi sina pa kuupeleka."