Jino Ambalo Halikuwamo kwenye Filamu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizokula, mwanangu. Ni alasiri ile ambayo spika ya kibanda cha video cha Babu Shabani, hapa Utemini mjini Singida, iliungua, nami nikaiona kwa mara ya kwanza filamu ambayo nilikuwa nimeshaitazama zaidi ya mara thelathini.

Kabla sijaendelea, unisamehe. Nakuita mwanangu na mimi mwenyewe sijafika miaka thelathini, na ndevu zangu bado zinahesabika. Lakini wewe unayekuja kwangu Jumamosi kujifunza kinanda umezoea nikuite hivyo. Na Jumamosi iliyopita nilikusikia ukimwambia mwenzako, "Ukikosea tena, nakutoa." Neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu nililijua. Niliwahi kulisema mimi. Ndiyo maana naandika. Mwanzo wa barua hii nimeufuta mara tano, nikitaka uwe mzuri zaidi, hadi nikajiambia nikisubiri ukamilike hutaisoma kamwe.

Filamu yenyewe ilikuwa ya vijana wanne wa mji mdogo wa ng'ambo, wauza mikate, waliofanya mazoezi ya muziki kwenye ghala la unga. Siku moja wimbo wao unapigwa redioni, na jua halijazama mji mzima unauimba. Wanavaa suti za rangi moja, wanapanda gari lisilo na paa, watu wanawakimbilia. Hakuna anayekufa. Mwisho wanacheka wote. Naipenda hadi leo, sioni aibu kusema.

Sisi tuliiona kupitia mdomo wa Babu Shabani. Alikuwa mzee fundi redio, baba yake mtu wa pwani aliyekuja kufanya biashara, mama yake Mnyaturu wa hapa hapa. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya Wazungu, akatutafsiria mwenyewe. Mtu kwenye filamu akifungua mlango, Babu alisema, "Hodi humu, mmepika nini?" Mama akimkumbatia mwanawe, Babu alisema, "Umekonda, huko ulikokwenda hawali mlenda?" Kibanda kizima kilicheka. Hatukuwahi kujiuliza Babu alijifunza Kiingereza wapi.

Kulikuwa na kipande kimoja nilichokipenda kuliko vyote. Wale vijana wameshapata jina, na mpiga ngoma wao ameharibu wimbo mbele ya watu. Kiongozi anamfuata kituo cha mabasi, anakuta ameshika begi lake. Hapo Babu alikuwa akishusha sauti, anasema polepole: "Bendi ni kinywa, ndugu yangu. Jino bovu hung'olewa." Watu walipiga makofi kila mara. Mimi niliyaandika maneno yale kwenye jalada la daftari langu la shule, kwa kalamu nyekundu, nikayapigia mstari kwa rula.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa na bendi.

Ilikuwa bendi ya watu watatu. Mimi nilipiga kinanda nilichojifunza peke yangu, kwa kutazama vidole vya watu kwenye simu. Binamu yangu Zaituni, aliyekulia kwenye kaswida za madrasa, aliimba na kutunga. Ntandu, mtoto wa wakulima wa Mwankoko, alipiga ngoma, na ngoma zenyewe alizitengeneza kwa ndoo na ngozi ya mbuzi. Tulifanyia mazoezi stoo ya baba, katikati ya madumu ya mafuta ya alizeti, na hadi leo nikisikia harufu ya alizeti vidole vyangu huanza kutafuta nota.

Zaituni alitunga wimbo wa kumsifu kuku wa shangazi yake aliyekataa kuchinjwa. Usicheke. Tuliupiga kwenye harusi moja, mtu akaurekodi kwa simu, ukaenda simu hadi simu. Baada ya wiki mbili wauza vitunguu sokoni walikuwa wanauimba. Redio ya hapa mjini ikaupiga. Mwalimu wangu wa hesabu, ambaye hakuwahi kujua jina langu, aliniita "mwenye kuku". Nilijiona ndani ya lile gari lisilo na paa.

Wazee walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji. Nilifanya kinyume, na ilikuwa mbaya vilevile: nilianza kuchuja hadi nikatupa na tembo lenyewe. Tulialikwa kupiga kwenye sherehe kubwa uwanjani, mbele ya mji mzima, nami hofu ikaniingia. Sikula vizuri. Nilirekodi kila zoezi, nikasikiliza peke yangu, nikaandika makosa. Na kosa lilikuwa moja, la mtu mmoja, mahali pamoja. Kwenye ubeti wa mwisho, Ntandu alichelewa. Kidogo tu, kama mtu anayesita kwenye kizingiti. Nilimwambia mara ya kwanza, akaitikia. Akarudia. Nikamwambia mara ya kumi.

"Ntandu, pale unachelewa."

"Najua."

"Unajua halafu unafanya?"

"Bosi," akasema, alipenda kuniita hivyo kunichokoza, "huo wimbo una miguu yake. Uache utembee."

Kinanda changu kilikuwa na mdundo wake ndani, wa kubonyeza. Haukuchelewa. Haukutoka Mwankoko kwa miguu ukafika na udongo wa bustani kwenye kucha. Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe, nilisimama mbele ya Ntandu nikayasema yale maneno kama nilivyoyasikia, hata sauti niliishusha kama Babu. "Bendi ni kinywa, ndugu yangu. Jino bovu hung'olewa."

Zaituni alisema, "We! Acha utani."

Ntandu aliona kwamba si utani. Alifunga ndoo zake kwa kamba, moja moja, bila haraka. Mlangoni akageuka. "Sawa. Ila jino hilo ndilo mlilokuwa mnatafunia."

Mwanangu, nilidhani ana wivu.

Jumamosi tulipanda jukwaani wawili na kinanda. Nilikuwa nimevaa suti ya kaka yangu. Mdundo ulianza, safi kama saa ya ukutani, watu wakapiga kelele, Zaituni akaimba, na kwa beti tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Singida. Kisha ukaja ubeti wa mwisho. Ubeti ule una maneno mengi, na Zaituni tangu utotoni kifua chake hubana. Nilimwona akifungua mdomo kuvuta pumzi, na mdundo ukampita. Akadaka neno la pili, akalipoteza la tatu. Akashika kifua. Akanyamaza. Na kinanda changu, mwanangu, kikaendelea. Kilidunda peke yake uwanja mzima, tu-ta, tu-ta, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka na sikukumbuka kitufe cha kukizima kiko wapi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kuku amekufa!" Uwanja ukaangua kicheko.

Zaituni alishuka, akapata pumzi yake baadaye, mama yake akimpepea kwa kanga. Hakunilaumu. Alisema neno moja tu: "Yeye alikuwa ananisubiri." Nikauliza nani. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mjinga ampendaye.

Wimbo ule ulikufa wiki ileile. Sokoni waliuimba kwa kunikejeli, kisha wakasahau hata kukejeli, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikaanza kujificha kwenye kibanda cha Babu Shabani kila nikitoka shule. Ndipo ikaja ile alasiri ya spika. Tulikuwa watu watano. Filamu ilipoanza, moshi mdogo ukatoka, sauti ikakatika. Wenzangu wakadai kiingilio chao wakaondoka. Mimi nilibaki, kwa kuwa sikuwa na kwingine kwa kwenda. Babu alikaa na kipaza sauti kisicho na kazi mapajani, nasi tukatazama kimya.

Kikafika kile kipande cha kituo cha mabasi. Mpiga ngoma ameshika begi. Kiongozi anakuja mbio. Midomo inacheza. Na bila sauti ya Babu, nikaona uso wa yule kiongozi. Alikuwa analia. Alimshika mwenzake mkono. Kisha akalichukua lile begi, akalitupia begani mwake mwenyewe, akageuka kurudi nalo mjini, na mpiga ngoma akamfuata. Ilikuwapo pale siku zote! Na kwenye onyesho la mwisho mpiga ngoma yupo, amevaa suti kama wenzake. Mara zaidi ya thelathini nilikuwa nimemwona yupo, na sikujiuliza jino lililong'olewa limerudi vipi. Sikio langu lilikuwa limeyafunga macho yangu.

"Babu," nikasema, "hapa huwa anamfukuza."

Babu akakitazama kipaza sauti mapajani.

"Babu, yale maneno ya jino. Anayasema wapi?"

"Hayasemi, mjukuu wangu."

"Sasa uliyatoa wapi?"

Akashika shavu lake. "Siku ya kwanza kuionyesha filamu hii nilikuwa naumwa jino. Hili la huku nyuma. Usiku kucha sikulala. Kiingereza mimi sijui, najua 'yes' na 'no' na vifaa vya redio. Naangalia midomo, najaza. Pale nikajaza kilichokuwa kinaniuma. Watu wakapiga makofi. Kesho yake nikataka kubadilisha, wakanizomea: 'Babu, lete jino!' Basi nikaliacha."

Nikamweleza yote: daftari, kalamu nyekundu, Ntandu, uwanja. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kuinama. Nilitegemea ajitetee. Mzee yule, ambaye mji mzima ulimwamkia, aliniambia, "Nisamehe." Kisha akanikaripia, na karipio lake nimelibeba hadi leo:

"Lakini mimi nilisema na ukuta wa watu, mjukuu wangu. Wewe ulimwambia rafiki yako. Rafiki yako humjui hata ukamtupia neno la kuokota? Ulihesabu kosa lake mara kumi, hukumuuliza sababu mara moja. Haya. Makofi yamenifanya mimi mwongo, yasikufanye wewe mkatili. Nenda."

Nilikwenda Mwankoko siku hiyohiyo. Nilimkuta mama yake Ntandu anachambua vitunguu kivulini. "Shikamoo mama." "Marahaba. Wewe ndiye mwenye kinanda?" Nikasema ndimi. Akaelekeza bustanini kwa kidevu.

Ntandu alikuwa anamwagilia. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani, yenye mwanzo, kati na mwisho. Ikapotea yote. Nikasema, "Kwa nini ulikuwa unachelewa pale?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Leo."

Akaweka ndoo chini. "Kwetu tukipura uwele, tunasimama duara, kila mtu na fimbo yake, tunapiga kwa zamu tunaimba. Mtu akiishiwa pumzi hasemi. Aibu. Ila fimbo zinasikia. Zinakaa juu kidogo, anapumua, tunashuka wote. Mama alinifundisha nikiwa mdogo. Zaituni pale huishiwa. Na hasemi."

"Ungeniambia."

"Siri ya pumzi ya mtu naitangaza mimi? Wewe unayerekodi kila kitu?"

Nikamwomba msamaha. Nililia, ndiyo, katikati ya matuta ya vitunguu, na mama yake anaona. Nikamwomba arudi.

Alinitazama suruali yangu ya shule, viatu vyangu vilivyopigwa rangi. "Leo sirudi," akasema. "Leo namwagilia." Akanisukumia ndoo ya pili kwa mguu. "Bosi, tuta lako ni lile la mwisho. Na usimwage katikati, vitunguu havipendi kiherehere."

Nikamwagilia hadi viatu vikawa havina rangi. Alirudi stoo baada ya wiki tatu, bila kutangaza, akafungua kamba za ndoo zake. Umaarufu haukurudi. Tunapiga kwenye harusi, kutoka Mgori hadi hapa mjini, na tunajulikana kiasi cha kupewa pilau ya kwanza. Babu Shabani alitengeneza spika yake. Kwenye kile kipande akaanza kusema, "Lete begi, nitabeba mimi." Hawakupiga makofi. Akaendelea kusema hivyohivyo, miaka yake yote iliyobaki.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukimwona mwenzako anakosea mahali palepale kila siku, usianze na kumhesabia, muulize. Huenda anayechelewa amemwona mtu ambaye wewe hujamwona. Usikubali neno kwa sababu limepigiwa makofi, hata likitoka kwa mkubwa umpendaye. Litazame kwanza likiwa halina sauti. Na hofu yako ya kukosea, ambayo naijua kwa kuwa ni ndugu ya yangu, ibebe mwenyewe. Usimtwike mwenzako. Mimi bado ninayo. Jana tu nimerudia wimbo mmoja mara ishirini, hadi Ntandu akasema, "Bosi, umeshaiva huo, pakua."

Jumamosi mlete huyo mwenzako. Kaeni karibu, mpige pamoja, na akichelewa, inua vidole vyako juu kidogo.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka. Na ikitetemeka, akupe watu watakaokusubiri uvute pumzi. Nawe usiwapite watakapoishiwa yao. Amina.