Mhojiwa wa Saba

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukiwa wanafunzi Maseno, mhadhiri alitugawa wawili wawili tutafiti kinachomfanya mtu ampige mtu wa nyumbani kwake. Sharti lake lilikuwa moja: usimhoji jamaa yako, mhoji wa mwenzako. Basi mimi nikaenda Muhoroni kwa babake mwenzangu, fundi wa matrekta ya miwa aliyehamia huko kutoka Kakamega. Mwenzangu, msichana mpole asiyejua Dholuo hata neno, akaenda ufuoni nje ya Kisumu kwa mama yangu.

Mzee alinipa chai na habari za matrekta mpaka kanda ikaisha. Juu ya kupiga, hakuna. Nilijifariji kwamba mwenzangu naye angerudi mikono mitupu, kwa sababu mama yangu nilimjua. Tangu baba afe nikiwa kidato cha pili, hakuwahi kumsema vibaya. Hata kovu refu lililokuwa chini ya sikio lake, aliniambia toka utotoni kuwa ni ukuni ulioruka jikoni.

Hati yangu ndiyo iliyokuwa nzuri, kwa hiyo kunakili kanda ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kitandani bwenini, nikaandika juu ya karatasi namba aliyopewa mama katika orodha ya darasa: Mhojiwa wa Saba. Kisha nikabonyeza kinasa sauti.

Mama alikuwa akisema Kiswahili, lugha ambayo mimi nilimsikia akiitumia sokoni tu. Nyuma ya sauti yake nilisikia omena, yaani dagaa wa ziwani, zikitandazwa juu ya nyavu. Msichana wa watu alikuwa anamsaidia kuanika.

"Hii kidonda si kuni, nyathina," mama akasema. "Hii ni kasia. Ndugu ya mzee wangu alinunua mashua ya injini, watu wakamsifu. Mzee akarudi nyumbani amenyamaza tu, akasimama kwa mlango. Hakukuwa na hasira. Ilikuwa wivu."

Nikazima. Ningependa kuandika kwamba nilimlilia mama, lakini ningekuwa nasema uongo. Kilichonikaba ni hilo nyathina, mtoto wangu, ambalo miaka yote nilidhani ni la kwetu sisi wawili. Msichana aliyekaa naye mchana mmoja alipewa kasia. Mimi niliyebebwa mgongoni nilipewa ukuni. Nilirudisha kanda nyuma ili nihesabu amemwita hivyo mara ngapi. Alimwita mara nne. Nilimchukia yule msichana, na upole wake nikauchukia zaidi.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika yote yakapotea. Mama alikuwa ndani akipepeta omena kwenye ungo. Sikumsalimu. Nilisimama mlangoni, nikamwuliza kwa Dholuo yule mgeni ana nini ambacho mimi sina.

Alinitazama usoni, kisha akauinua ungo taratibu, akaushika kifuani kwa mikono miwili, na kurudi nyuma hatua moja. Omena zikamwagika miguuni pake na hakuziangalia.

"Yule alikuja na uso wake," akasema. "Wewe umekuja na wa baba yako."

Niliketi chini palepale kizingitini, nikaiweka mikono yangu mapajani mahali anapoweza kuiona. Ungo haukushuka upesi.