Risasi Saba za Mzee Kombo

Harufu ya baruti nikiisikia hata leo, siku za sikukuu watoto wanapolipua fataki mtaani, akili yangu hurudi Kengeja mbio, kwenye baraza ya nyumba yetu ya udongo, na pua huanza kuitafuta harufu nyingine iliyokuwa haiachani nayo, ya mafuta ya nazi. Ami yangu Hamadi alikuwa akiisafisha bunduki yake kwa mafuta ya nazi aliyoyakamua mama, kwa kitambaa alichokichana kwenye kanga kuukuu. Mikono yake ilinuka hivyo, kofia yake ilinuka hivyo, na mimi niliyekuwa na miaka tisa au kumi, maana hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa, niliamini kwamba wanaume wote wa kutegemewa ndivyo wanavyonuka. Miaka hiyo ni ile michache kabla ya mapinduzi. Baba alikuwa keshafariki, Mungu amrehemu, na ami, mdogo wake, ndiye aliyekuwa akituangalia: mama, mimi, na wadogo zangu wawili ambao kazi yao ilikuwa kula na kulia.

Tulichokuwa nacho ni shamba la muhogo bondeni, na adui wa shamba lile alikuwa nguruwe. Nguruwe wa Pemba hana adabu hata chembe. Sisi Waislamu hatumli, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimtamani, naye akazaana na kunenepa kwa jasho letu. Hakuwa akila kama mtu mwenye njaa. Alikuwa anafukua tuta zima, anauma muhogo mmoja, anaukanyaga wa pili, anahamia tuta jingine. Misimu miwili mfululizo mama alivuna nusu shamba. Msimu wa tatu alimwambia ami mbele yangu, akipepeta mchele bila kuinua uso, "Shemegi, muhogo huu ukiliwa tena, Mize nampeleka Msuka kwa dada yangu. Midomo mitatu siiwezi." Mize ndiye mimi. Msuka iko mwisho kabisa wa kaskazini, na kwangu ilikuwa kama kuambiwa napelekwa Hijazi. Sikulia mbele yake. Nilikwenda kulia chooni, nikatoka na uso wa mtu aliyeingiwa na moshi machoni.

Bunduki ya ami ilikuwa na umri kumzidi mwenyewe. Aliirithi kwa bwana shamba aliyemlindia mikarafuu yake miaka mingi, na kibali chake cha serikali alikitunza ndani ya kopo la biskuti. Kitako chake kiliwahi kupasuka, kikafungwa kwa waya wa shaba. Tatizo halikuwa bunduki, lilikuwa risasi. Ami alinunua risasi mpya Chake Chake, za boksi jekundu, zinang'aa mpaka zinapendeza kuchezea, na bado akawa anamkosa nguruwe aliye hatua thelathini tu. Watu wakaanza kumtania msikitini kwamba nguruwe wanamjua kwa jina na kumsalimia. Mwingine angesema bunduki imerogwa. Ami alikuja nyumbani akamwomba mama ungo mbovu.

Ungo ule aliupaka chokaa, akatia duara la mkaa katikati, dogo la kiasi cha kisahani cha kahawa, akauegemeza kwenye ukingo wa udongo nyuma ya shamba. Akalala kifudifudi, bunduki juu ya gunia la mchanga, akapiga risasi tatu za boksi jekundu. "Mize, kasome," akaniambia. Kusoma ungo ndiyo ikawa kazi yangu tangu siku hiyo. Tundu moja lilikuwa juu, la pili pembeni kabisa, la tatu sikuliona. Akanunua za karatasi ya kijani, nazo zikatawanyika kama kuku waliotishwa. Nikamuuliza, "Ami, risasi si zote moja?" Akacheka. "Kwa macho yako. Bunduki kuukuu ni kama mgonjwa, si kila chakula kinamkaa tumboni. Hii ina chakula chake, na mimi sijakipata." Nilistaajabu mno! Chuma, hakina roho, kumbe kinachagua.

Habari ya chakula chenyewe ilitoka huko huko Msuka nilikokuogopa. Mama mkubwa alileta salamu kwamba jirani yake, Mzee Kombo, aliyewahi kuwa mlinzi wa msitu, alikuwa na bunduki ya namna ile ile. Bunduki ilirudi serikalini alipostaafu, lakini risasi chache zilibaki kwake. Ami akapanda gari, akarudi siku ya pili na kikopo cha ugoro. Ndani mlikuwa na risasi saba, nyeusi kama kokwa za ukwaju, nyingine zina ukungu wa kijani. Nilivunjika moyo nilipoziona. "Kazitoa bure," ami akamwambia mama. "Alichotaka ni kuambiwa tu zimepiga vipi."

Tatu alizipiga kwenye ungo. Nilikwenda kusoma. Matundu matatu yalikuwa ndani ya duara la mkaa, yamekaribiana hata nikiweka kiganja changu kidogo nayafunika yote. Subhanallah! Niliweka kiganja, nikakiondoa, nikakiweka tena. Ami akaniita, "Vipi, kumepatikana nini?" Akaja mwenyewe akachutama nyuma yangu, na nikamsikia anavuta pumzi ndefu. Mama naye aliitwa kuja kuona, akakausha mikono kwenye kanga, akaangalia ungo wake uliotobolewa, akasema, "Alhamdulillahi." Toka siku hiyo nilizitazama zile nne zilizobaki kama watu wazima wanavyotazama msahafu.

Ya nne ilimwangusha nguruwe jike alfajiri ya siku ya tatu, risasi moja tu, hakupiga hata hatua mbili. Lakini mwenyewe tuliyemtaka, dume kubwa lenye jino moja lililotokeza nje, alikimbia. Wanaume walimburuta jike kwa kamba wakamfukia mbali na kisima kama ilivyo desturi. Ami aliporudi alitundika mkoba wake wa ngozi kwenye msumari barazani, akaenda mtoni kujitoharisha. Mimi nikauona mkoba: chini umelowa damu. Damu ya nguruwe! Na wiki ile ile chuoni Maalim alikuwa katufundisha najisi nzito, ya mbwa na nguruwe, kwamba haitoki ila kwa kuoshwa mara saba, na moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Tuliirudia kwa sauti mpaka koo zikakauka. Nikawaza, masikini ami, atautia mkono humu, aende akasali nao. Nikaushusha mkoba, nikazitoa risasi zote tatu, nikavisugua vyote kwa udongo wa mfinyanzi uliolowana, kisha maji, maji, maji, nikihesabu kwa vidole mpaka saba. Risasi nilizilaza ndani ya karai la maji ili udongo utoke vizuri. Zikang'aa. Nikavianika vyote, nikarudisha kila kitu kwenye msumari, na roho yangu ilijaa furaha kwamba nimefanya jambo la thawabu.

Dume lilikuja siku iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, kumeanza kupambazuka. Tuliliona kutoka ukutani mwa jiko, mimi na mama. Ami alikuwa nyuma ya kichuguu, karibu kabisa. Akalenga. Nikaziba masikio. Kukasikika "ta!", mlio mdogo kama wa mtu anayevunja kijiti. Dume likainua kichwa, likatazama huku na huku, likarudi kwenye muhogo wetu. Ami akabadili risasi. "Ta!" tena. Safari hii lilikimbia. Ami alikuja barazani, akakaa, akaigeuza risasi kwenye mwanga, akachokoa kitu kitakoni mwake kwa ukucha. Udongo. "Nani kazigusa?" akauliza polepole. Nikasema ni mimi, nimeziosha, mara saba, moja kwa udongo, kama Maalim alivyotufundisha.

Mama alijishika mdomo. Nilisubiri kofi, na Wallahi lile kofi nilikuwa nalistahiki. Ami akaiweka risasi chini. "Umehesabu vizuri? Saba kamili?" "Saba kamili, ami." Akatikisa kichwa. "Basi wewe huna kosa. Risasi hizi kuukuu, midomo yake imelegea, maji yanaingia mpaka kwenye baruti, lakini hayo ulikuwa huyajui. Mwenye kosa ni mimi niliyeacha damu msumarini." Nimeishi na watu wengi tangu siku ile, na wanavyuoni wakubwa nimewasikiliza, lakini sijawahi kumwona mtu aliyechukua kosa la mtoto akalivaa mwenyewe upesi namna ile. Ndipo nilipolia.

Ikabaki moja. Ami hakuijaribu. Aliianika kivulini penye upepo, kisha akaizika ndani ya kopo la mchele mkavu, akasema iachwe mpaka mwenyewe atakaporidhika. Dume halikungoja. Kila alfajiri lilikuwa linafukua safu mbili, na ami analitazama tu, meno ameyauma, hataki kuipoteza. Siku ya nane mama alimwita dada yake. Mama mkubwa akaja, akalala kwetu usiku mmoja, na nguo zangu zikatiwa kwenye kikapu. Mama alinisuka nywele jioni ile, na vidole vyake vilikuwa vizito.

Gari la Chake lilikuwa linaondoka mapema. Nimekaa juu ya ubao wa nyuma, kikapu mapajani, utingo keshagonga bodi na injini imeanza kutikisika, nikausikia mlio. Mmoja. Ulitoka bondeni kwetu, ukapita juu ya minazi, kunguru wakaruka. Mama mkubwa akanishika mkono. "Ami yako alibakiwa na risasi ngapi?" "Moja tu," nikasema. Nikangoja kelele za watu, au mbwa, au mtu anayeita jina langu barabarani. Gari likaondoka. Sikujua kama imepata au imekosa, na njia nzima mpaka Chake, na kutoka Chake mpaka Msuka, nilikuwa na hiyo "moja tu" kichwani.

Nilikaa Msuka siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu, mchana, niliona mtu anakuja kwa kofia ninayoijua, gunia begani. Hakuja kwa mama mkubwa kwanza. Alikwenda barazani kwa Mzee Kombo, maana ahadi ni ahadi, na mimi nikamfuata mbio nikakaa miguuni pake. "Vipi, yakhe, zimepigaje?" mzee akauliza. Ami akahesabu kwa vidole: "Tatu ndani ya kisahani cha kahawa. Moja jike. Moja dume. Na mbili zimeoshwa mara saba." Mzee Kombo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha ami akalifungua gunia. Ulikuwa muhogo, mnene, na udongo mwekundu wa kwetu bado umeushika. "Mama yako anasema urudi," akaniambia, "mavuno yamemshinda kumenya peke yake." Mfukoni akatoa ganda tupu la ile risasi ya mwisho, akanitia kiganjani. "Na hii usiioshe."

Sasa nakaa Chake Chake, nanunua muhogo sokoni kwa mafungu, wala sijui umetoka shamba la nani wala nani aliulinda. Wajukuu wangu wakila wanabakisha. Siwalaumu, watajuaje kwamba palikuwa na mwaka ambao chakula chetu, na mahali nitakapolala, vilikuwa ndani ya kitu kisichozidi kidole? Mimi mwenyewe nikifikiria huwa nashikwa na ubaridi. Nyumba yangu ni safi, aliyewahi kuingia ni shahidi. Nasugua sufuria mpaka majirani wananicheka. Juzi mjukuu alilikuta lile ganda kwenye sanduku langu, jeusi, limeota ukungu wa kijani, akalichukua kwenda kulisugua kwa majivu anifurahishe. Nilimpokonya kwa ukali hata akashtuka, kisha nikamwomba radhi. Ami Hamadi aliniambia nisilioshe, na mpaka leo sijaliosha.