Tabea, Mhazini wa Harusi za Wenzake

Pale Ngarenaro, mjini Arusha, kamati ya harusi isiyokuwa na Tabea ilihesabiwa kuwa haijaanza. Alikuwa Mmeru wa Akheri, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Wazazi wa bwana harusi walimfuata wenyewe kumwomba awe mhazini. Alijua mpambaji gani hupunguza bei akibembelezwa, na mpishi gani huondoka na nyama chini ya kitenge.

Mwenyewe hakuwa na mume. Wageni walidhani hakupata mchumba. Alipata. Mitumba ilipoanza kufurika mjini na kila kijana kutaka harusi ya kisasa, alikuwa ameshachumbiwa na Eliasi wa kwao Akheri, na mahari imeshapokelewa. Eliasi alitaka ukumbi na keki ya ghorofa. Tabea alimtaka Eliasi.

"Niende machimboni Mererani kidogo," Eliasi alimwambia. "Nikipata jiwe moja tu, tunafunga."

Kwanza zilikuja salamu, baadaye fununu. Kaonekana Nairobi. Kaonekana Mombasa, ana watoto. Hakuna aliyeleta habari za kaburi, wala za kurudi. Wachumba wengine walibisha hodi. Tabea aliwapa chai, akawasindikiza hadi barabarani.

Mwaka 1996 Ludovick, muuza vipuri jirani yake, alimposa binti aitwaye Sia. Ahadi za michango zilikuwa nyingi, lakini kamati ilipokutana Jumapili baada ya ibada, hata nusu haikuwa imeingia. Ludovick akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Naomba tusogeze harusi mwakani. Rafiki yangu ana shimo Mererani, nikajaribu bahati."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Tabea akafunga daftari la michango.

"Sia anasemaje?"

"Sijamwambia, mama. Nafanya kwa ajili yake."

"Nenda kamwulize. Tunakusubiri hapa hapa."

Baba yake kijana, mzee Philemoni, alitaka kupinga, lakini alipomtazama Tabea usoni akajimiminia chai. Wakasubiri mpaka chai ikapoa. Ludovick akarudi ameinamisha kichwa.

"Amesema nikienda Mererani, nikirudi nisimtafute."

Watu wakaangua kicheko. Tabea akavuta kiti mbele, akaanza kukata matumizi. Ukumbi ukafutwa, watu wataketi chini ya turubai uwanjani kwa Philemoni. Video ikafutwa. Keki ataoka jirani. Mbuzi wa ndafu, yule anayechomwa mzima, peke yake hakuguswa, maana akina Philemoni ni Wachaga, na hilo wasingemsamehe.

Harusi ikafungwa siku ileile iliyopangwa. Mvua ilinyesha, turubai likavuja, na Sia akacheza peku kwenye tope, pindo la gauni kalishika mkononi, Ludovick akimkimbilia na mwavuli. Chakula kilitosha.

Wakati wa zawadi Philemoni akamsogelea Tabea, uso umemng'aa.

"Mwanangu, umetuozea watoto wote hawa. Pilau yako tutaila lini?"

"Bwana harusi hajafika, baba."

Mzee akacheka, akidhani ni utani. Tabea akaenda kuwalipa wapiga matarumbeta, ambao walikuwa wameshaanza kufunga vyombo vyao.

"Nipigieni mmoja wa mwisho," akawaomba.

"Upi, dada?"

"Wowote."

Wakapiga. Akasimama nyuma ya turubai, peke yake, miguu ikifuata mdundo taratibu, hadi wimbo ukaisha.